Chaki Kutoka Pango la Fisi

Nimelamba mawe mengi kuliko mtu yeyote aliyezaliwa Tabora, na ninalisema hilo bila haya. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna mashine. Mnatia kijiwe kwenye kisanduku, mnasubiri, karatasi inatoka na majibu. Kisanduku chetu sisi kilikuwa ulimi. Jiwe la kawaida ukiligusa kwa ulimi linateleza. Mfupa wa kale, au kinyesi cha kale kilichogeuka jiwe, una vitundu visivyoonekana kwa macho, na hunata kwenye ulimi kama mtoto aliyekataa kushuka mgongoni.

Ndiyo, kinyesi. Msikunje pua. Kazi yangu ilikuwa mawe, na katika mawe nilichokijua kuliko wenzangu wote ni mavi. Mfupa utakwambia nani alikufa. Mavi yatakwambia alikuwa anaishi vipi jana yake: alikula nini, alitafuna au alimeza, maji yalikuwa karibu au mbali. Wenzangu walikuwa wanakimbilia meno na mafuvu, vitu vya kupigia picha. Mimi nilikuwa naokota walichokiruka.

Hakuna aliyenishika mkono. Baba alikuwa fundi bati sokoni Tabora, akitengeneza koroboi na makarai. Nilisoma kwa koroboi zenye kasoro, zile ambazo wateja walizikataa, nikapata nafasi ya kwenda Ulaya ya mashariki miaka ya mwanzo ya uhuru, nikarudi na stashahada yenye muhuri mwekundu. Mtaani kwetu hapakuwa na mwingine. Nilishuka stesheni na koti la sufu katika jua la Oktoba, na sikulivua mpaka nyumbani, ili kila mtu alione vizuri. Baba alinifungulia sanduku kwa mikono yake. Chini ya mashati akakuta vifuko vya kitambaa.

"Hivi ni nini?"

"Mavi ya fisi, baba. Fisi wa Ulaya wa zamani sana. Sasa ni mawe."

Akakirudisha kifuko ndani ya sanduku. Kisha akaita kuelekea uani, "Mama Jumanne! Njoo umwone mwanao! Miaka minne kala mkate wa wazungu, karudi na mavi ya fisi wao!"

Mtaa mzima ulipata habari kabla ya alasiri. Sikujali. Niliyajua mavi yale kuliko walivyojua wao majina ya babu zao. Kauli hiyo niliitamka kwa mdomo wangu, barazani, mbele ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa maabara, Mama Helga, mnene, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya moto. Hakuwa na stashahada. Maprofesa walimwogopa. Alinifundisha vipimo vitatu, na msiongeze vingine: jicho, ulimi, moto. Unaangalia umbo. Unalamba. Halafu unachukua chembe kama punje ya mchele, unaiweka kwenye ncha ya kisu juu ya taa ya spiriti, unanusa. Kama imekuwa jiwe kwelikweli, utapata harufu ya vumbi lililopata joto, basi. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, simama hapo hapo, kwa sababu ndani bado mna mwili, na huyo mnyama si wa kale.

"Jicho lako linataka kuona ulichokuja kutafuta," aliniambia siku ya kwanza. "Ulimi hivyo hivyo. Choma kwanza, ndipo useme."

Nilikuwa naye miaka miwili na sikuwahi kuruka moto hata mara moja. Niliuruka nyumbani kwetu, mbele ya watu wetu.

Ilikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Nilipelekwa upande wa Ziba kutafuta maji na mawe ya kujengea vijiji vipya, nami wiki zangu nyingi nikazimaliza kwenye kingo za mto Manonga, kwa sababu mto ulikuwa umekata tope la kijivu la kale na kulifunua kama kurasa. Leo pale ni mbuga kavu. Nilikuta ng'ombe waliokufa kwa kiu wamelala juu ya tope lile lile. Lakini ndani ya tope niliokota mavi ya mamba, mazito, laini, bila chembe ya mfupa, maana tumbo la mamba huyeyusha kila kitu. Niliokota ya samaki wakubwa, yamejaa magamba ya samaki wadogo. Nilikuwa nimesimama chini ya ziwa. Mchana wa jua kali, upepo hakuna, nikainua macho nikajaribu kukisia maji yaliishia wapi juu ya kichwa changu, na kwa mara ya kwanza katika kazi nikaogopa kubaki peke yangu. Nilijicheka, nikaendelea kuchimba.

Nawaambia hivi mjue kichwa changu kilikuwa wapi. Wiki nzima kila nilichokiokota kilikuwa na umri usiohesabika.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji kipya, Ndugu Mabula, akanifuata kwa baiskeli. Mtu mfupi, mwenye haraka, shati limemganda mgongoni.

"Ndugu mtaalamu, tumepata balaa. Watu wanachimba msingi wa shule, sururu imezama. Chini kuna shimo. Limejaa mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ningejua ya nini, ningekuja kukuita?"

Shule ilikuwa inajengwa ubavuni mwa kilima kimoja, mahali ambapo njia ya zamani ya wapagazi, iliyotoka Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kwenda ziwa kubwa la kaskazini, ilikuwa inapita. Njia bado ilionekana, mfereji mwembamba uliochimbwa na nyayo. Nilikuta watu wote wamesimama mbali, majembe chini. Niliingia peke yangu na tochi, kwa magoti. Pango lilikuwa fupi, kuta za chokaa. Hapakuwa na popo wala mdudu, wala harufu yoyote. Dari lilikuwa linang'aa, na ilinichukua muda kuelewa kwamba limesuguliwa na migongo. Sakafuni palikuwa na madonge meupe, kama ngumi ya mtoto, mamia, yamewekwa mafungu mafungu, kila fungu na pembe yake, kama sokoni kabla wauzaji hawajafika.

Nilijua mara moja. Fisi hunya mahali pamoja, na kinyesi chake ni cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Nilizima tochi kidogo ili kubana betri. Katika giza lile nilihisi pango limejaa, na mimi ndiye niliyechelewa kuingia. Nikawasha haraka.

Nje nikawaambia, "Ni mavi ya fisi."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kwa watu wa huko fisi ana mwenyewe. Kuna anayemfuga, anayempanda, anayemtuma. Ghala la mavi ya fisi chini ya shule lilimaanisha mtu fulani kati yao alikuwa na zizi. Wakaanza kutazamana. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Mabula akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Hawa wakirudi porini leo, kesho mimi nitaulizwa na wilaya. Sema kitu."

Nikasema. Nilipanda juu ya lundo la udongo nikaeleza kwamba fisi hawa walikufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwamba mavi haya si mavi tena, ni mawe, na kwamba mimi nimesomea jambo hili hili Ulaya miaka minne. Kisha, ili wasiwe na shaka, nikachukua donge, nikalilamba mbele yao. Lilining'ang'ania ulimi. Nikafungua mikono, jiwe likining'inia mdomoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mtaalamu, lina chumvi?" Hofu ikaisha. Nilijiona mkubwa kuliko kilima.

Mmoja hakucheka. Alikuwa Bibi Kabula, mzee aliyehamishiwa pale kutoka maili chache tu, mgongo umepinda, macho makali. Alisogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo fisi wako, alikula watu?"

"Hapakuwa na watu, bibi," nikamjibu nikiwa bado nacheka. "Dunia ilikuwa haijawapata."

"Aa," akasema. Akaniangalia mdomo kwa muda mrefu, akaondoka.

Mabula ndiye aliyenieleza habari zake, tukishuka. Baba yake, Masanja, alikuwa mpagazi. Alishikwa na ndui safarini, wenzake wakaugawana mzigo wake na kumwacha ubavuni mwa kilima kile kivulini, na kibuyu cha maji. Waliporudi baada ya miezi walikuta kibuyu. Kabula alikuwa mtoto wa kubebwa. Kwao mtu ambaye hajazikwa hakaliwi matanga, na jina lake hapewi mtoto yeyote mpaka alale ardhini. Mjukuu wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki hiyo. Bibi alikuwa amekataza asipewe jina.

"Analingoja la baba yake," Mabula akasema. "Tangu azaliwe analingoja. Sasa yeye mwenyewe anaelekea kwenda."

Nilisikitika, kisha nikarudi kwenye mamba wangu.

Shule ilifunguliwa baada ya wiki tatu. Mwalimu wake alikuwa Seif, kijana wa Kiarabu wa Tabora mjini, mtoto wa watu wa maduka, mcheshi. Chaki haikuwepo wilaya nzima. Nilipopita mchana mmoja kuchukua sampuli zangu, nilisikia watoto wanaimba silabi, nikachungulia dirishani. Ubao ulikuwa umejaa herufi, nyeupe, nene. Kila mtoto alikuwa na kibao na kidonge mkononi. Vidole vyao vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kifundo. Msichana wa mbele akakosea herufi, akalamba kidole, akafuta, akalamba tena.

Seif akatoka akiwa na furaha. "Ustaadhi, umetuokoa! Madonge yako ya pangoni tumeyasugua kidogo, tukayakata. Yanaandika kuliko chaki ya dukani."

Nikampongeza. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta kuandaa sampuli za kupeleka makao makuu. Ripoti ya kwanza nilikuwa nimeshaituma: mavi ya fisi wa kale sana, ya kwanza kupatikana kilimani. Ilibaki fomu. Fomu ilikuwa na safu tatu: umbo, ulimi, moto. Mbili zilijaa. Ya tatu nilikuwa nimekwisha weka kalamu niandike "hakuna harufu". Sitaki kuwadanganya kwamba nilisikia sauti. Nilipenda tu fomu zangu ziwe safi. Nikawasha taa.

Punje ya kwanza ilitoa harufu ya kinyozi aliyechoma nywele.

Nikachoma ya pili, ya tatu, kutoka fungu jingine. Harufu ile ile. Ndani ya darasa walikuwa wanaimba ba be bi bo bu. Nikachukua nyundo nikapasua donge moja katikati, nikaweka lenzi jichoni. Ndani mlikuwa na alama za nywele, nyembamba, zilizopinda pinda. Mlikuwa na ushanga mmoja wa bluu, wa zile walizolipwa wapagazi. Na mlikuwa na kijifupa kidogo, kimelainishwa na tumbo mpaka kinang'aa, upande mmoja mwembamba, ncha yake imepanuka kama jembe. Nilikiweka juu ya ncha ya kidole changu cha shahada. Kililingana.

Hapa ndipo somo lenu. Kinyesi cha fisi ni mfupa uliosagwa, yaani chokaa tangu kinatoka. Kikikaa kwenye pango la chokaa, maji ya mvua yakipenya, kinaweza kugeuka kigumu kama jiwe katika maisha ya mtu mmoja. Ugumu si umri. Ulimi wangu haukunidanganya. Uliniambia ni mfupa. Nani mwenye mfupa, hilo sikumwuliza.

Nilitema mate mpaka koo likauma. Kisha nikaenda kwa Mabula, nikamfungulia mkono.

Akaangalia kijifupa, akaangalia darasa. "Nani mwingine ameona?"

"Wewe."

"Basi funga mkono. Ndugu, nakuomba kama kaka. Ulisema ni mawe, wakakuamini. Leo useme ni watu? Watoto wao wamewalamba! Hakuna atakayelala kijiji hiki tena. Shule itakufa. Na wewe ripoti yako?"

Aliniweza hapo. Ripoti yangu ilikuwa mezani kwa wakubwa, na cheo kilikuwa njiani. Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi yake. Ushanga ulikuwa na joto kiganjani. Nilijaribu kufikiria mamba, ziwa, miaka isiyohesabika. Kila nilipojaribu, nilimwona mtu mmoja amelala kivulini na kibuyu, anasikiliza nyayo za wenzake zikiishia, halafu anasikia nyingine zinakuja.

"Bibi aliniuliza," nikamwambia Mabula. "Aliniuliza mbele ya watu wote, nami nikamcheka."

Mabula akavua kofia, akajifuta uso. "Nenda. Mimi nitamwambia mwalimu."

Nyumba za kijiji kipya zilikuwa zimepangwa mstari kama mabehewa. Bibi Kabula alikuwa ameketi mlangoni pake, nusu ya paa bado haijaezekwa, mtoto asiye na jina amelala mapajani. Sikujua nianzeje.

"Mwangaluka, bibi." Hiyo ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshageuka; Kinyamwezi changu ni cha mjini.

"Umerudi kumaliza kucheka?"

Nikapiga goti. Nikamwekea ushanga na kijifupa kwenye upande wa kanga. Hakuvigusa.

"Nilisema uongo, bibi. Sikujua kwamba ni uongo, lakini sikupima. Fisi yule alikula watu."

"Ni yeye?"

"Sijui. Kilima hiki waliachwa wengi. Hakuna stashahada itakayokwambia ni nani."

"Sikukuuliza karatasi yako. Unajua kwamba ni mtu?"

"Najua."

"Anatosha." Akaanza kutikisa magoti taratibu, kana kwamba mtoto analia, lakini mtoto alikuwa kimya. Kisha akasema, "Wewe ulimtia mdomoni."

"Ndiyo, bibi."

"Basi utanyolewa pamoja na wafiwa."

Alfajiri ya pili nilinyolewa, mimi na watoto wote wa shule, wembe mmoja baada ya mwingine. Hakuna mzazi aliyekataa, na hakuna aliyepiga kelele kama Mabula alivyoogopa. Seif aliyatoa madonge yote pangoni kwa ungo, na vidonge vyote kutoka kwa watoto, akiwahesabu mmoja mmoja. Akaufuta ubao kwa maji, maji yakakusanywa ndani ya karai. Watoto wakanawa mikono ndani ya karai hilo hilo. Maji yakawa meupe kama maziwa. Kaburi lilichimbwa kando ya mfereji wa njia, refu kuliko la mtu mmoja, na maji yale yakamwagwa humo pia.

Tulidhani tutakuwa sisi wa kijiji peke yetu. Lakini habari ilikuwa imetembea, sijui kwa miguu gani. Kabla jua halijapanda wakaanza kutokea mbugani, wazee, wawili wawili, kwa baiskeli, kwa punda, kutoka Nzega, kutoka nyuma ya Ziba, mpaka mzee mmoja wa Tabora mjini mwenye kanzu na miwani. Hawakusalimia sana. Kila mmoja alikuja kwangu, kwa sababu nilikuwa na daftari, akaniambia jina. Wa kwetu alitoka na mzigo wa pembe, hakurudi. Wa kwetu alikuwa na ndui. Wa kwetu hatujui. Nami niliandika. Sikumwambia hata mmoja kwamba huyo hayumo.

Walipomaliza kufukia, Bibi Kabula alinipa ishara nisome. Nilisoma kwa sauti niliyofundishwa Ulaya ya kusomea matokeo, nikaona haifai, nikashusha. Kila jina lilipotajwa, mtu mmoja kati ya waliosimama aliitika, "Yupo." La Masanja lilikuwa la mwisho. Bibi hakuitika. Alimnyanyua mtoto kwa mikono miwili mpaka usawa wa uso wake, akamwita kwa jina hilo mara moja tu, na mtoto akapiga chafya. Watu wakacheka kidogo, kama watu waliosahau namna.

Nikafunga daftari. Mzee wa miwani akasema, "Na wale ambao hawana mtu wa kuwataja?"

Nilimtazama Bibi Kabula.

"Waachie nafasi," akasema.

Nikafungua daftari tena kwenye ukurasa mtupu. Nikalishika kama ninayesoma, nikanyamaza kwa muda wa jina moja. Kisha la pili. Kisha la tatu. Hakuna aliyekohoa. Sijui nilisimama hivyo muda gani. Niliendelea mpaka mkono wa Bibi uliponigusa begani.